Betri Kuukuu ya Binti wa Dalali

Mbacha ni mkeka uliochakaa, ncha zake zimefumuka na rangi imeutoka. Hata hivyo ni wako, na usiku ukiingia utakuwapo. Msala upitao ni mzuri machoni, lakini uko begani mwa mwenyewe, naye ana safari zake. Ndiyo maana tulionywa tusiache mbachao kwa msala upitao. Binti wa dalali aliijua methali hii tangu shuleni, tena aliwahi kuiandikia insha akasifiwa mbele ya darasa. Lakini kuijua methali na kuifuata ni mambo mawili.

Binti huyu alichapa kadi za mialiko nyumbani kwake, kwa kompyuta mpakato iliyokaa mezani karibu na soketi mwaka nenda mwaka rudi. Betri yake ilikuwa imezeeka; ukichomoa chaja, ilizimika kabla chai haijachemka. Mumewe, ambaye hakukosa la kusema juu ya jambo lolote, alimweleza kwamba betri inayoachwa ndani huku umeme unaingia hupata joto na kufa mapema. Maneno yale hayakuwa uongo mtupu. Basi binti akaitoa, akaiviringisha kwa kitambaa laini kama kichanga, akailaza kwenye droo pamoja na nguo za mtoto aliyekuwa akimtarajia. Kompyuta ikabaki kutegemea waya peke yake. Mtaani palikuwa pamewekwa transfoma mpya, na watu walishasahau mishumaa yao ilikowekwa.

Baba yake alikuwa dalali wa mnadani aliyestaafu. Sauti yake iliwahi kuuza makabati, baiskeli, hata mlango usio na nyumba. Sasa koo lilikuwa limeota uvimbe, na kesho yake alitakiwa hospitali kupasuliwa. Daktari hakumficha: atapona, ila sauti huenda isirudi kama ilivyokuwa. Binti alilia kimyakimya kwa habari ile, kisha akapiga moyo konde. Mtoto wake lazima aisikie sauti ya babu. Alasiri ile akamketisha mzee mbele ya kompyuta ili arekodi kisa alichokipenda kuliko vyote, cha siku binti huyo alipozaliwa.

Alipoinua kompyuta kufuta vumbi, mzee aliliona tundu chini yake, akauliza utumbo wa mashine umekwenda wapi.

"Nimeitoa betri, Baba, iko kwenye droo ile. Imechoka, haina faida tena. Na umeme wa siku hizi haukatiki."

"Kuchoka si kufa, mama," mzee akajibu kwa sauti ya mikwaruzo. "Mimi nami nimechoka, na bado umeniita."

Binti alicheka, akabonyeza kitufe cha kurekodi. Mzee akaanza. Alieleza jinsi alivyokuwa juu ya meza akinadi kabati la nguo, habari za uzazi zikamfikia, akaligongea kabati nyundo ya kuuza kwa bei ya kwanza iliyotajwa, akatimka huku mwenye kabati akimfuata kwa matusi. Alitia chumvi pale panapostahili chumvi. Akafikia pale alipoingia wodini na kumpokea mtoto mikononi, akavuta pumzi kama wanunuzi wote wamesimama mbele yake. "Mara ya kwanza," akasema. "Mara ya pili..."

Feni ikanyamaza na kioo kikawa cheusi. Transfoma mpya ilikuwa imeharibika, na kompyuta haikuwa na pa kushika. Kisa chote kilipotea, kwani hakikuwa kimehifadhiwa. Binti alilia kwa kwikwi, na kilichomuuma zaidi ni kwamba aliitoa betri kwa mkono wake mwenyewe. Mzee hakuweza kurudia, koo lilikuwa limekauka. Alimfuta machozi, kisha akainyooshea droo kidole na mabega yakamtikisika kwa kicheko kisicho na sauti.

Jioni umeme ulirudi. Betri ikatolewa kwenye kitambaa, ikarudishwa mahali pake, na chaja ikachomekwa iijaze hadi asubuhi. Mume, mwenye la kusema siku zote, safari hii alijishughulisha na kunyoosha waya wa chaja.

Kulipokucha, kabla ya kwenda hospitali, mzee alikunywa maji ya uvuguvugu, akaanza upya. Sauti ilikuwa imeshuka, na chumvi ilikuwa kidogo. Kisa kilipofika mlangoni mwa wodi, umeme ulikatika tena, maana mafundi walikuwa bado wanahangaika na transfoma yao. Mara hii kioo kilififia tu. Alama ya betri ikawa nyekundu. Binti akaweka kidole juu ya kitufe cha kuhifadhi. Akihifadhi sasa, atalikosa neno la mwisho. Akamwashiria baba aendelee. Mzee alielewa, akaharakisha kama dalali aliyeona mvua inakuja.

"Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mali hii haiuzwi."

Binti akahifadhi. Hawakumaliza kutazamana, kompyuta ikazimika. Lakini umeme uliporudi walikikuta kisa kizima, hadi pumzi ya mwisho.

Upasuaji ulikwenda salama, na mzee alirudi nyumbani na mnong'ono tu. Mjukuu alipozaliwa, alikuwa na mapafu ya ukoo. Siku moja alilia mikononi mwa babu, na mnong'ono wa babu haukufua dafu. Binti akafungua kompyuta. Sauti ya mnadani ikajaa chumba, na mtoto akanyamaza, macho yakiitafuta. Mzee naye aliisikiliza sauti yake ya zamani, machozi yakimchuruzika bila aibu. Ilipofika "haiuzwi", akamkumbatia mjukuu, akamgeukia binti yake.

"Bado imo?" akanong'ona.

Binti akaigeuza kompyuta, akamwonyesha betri ile kuukuu mahali pake, na chaja ikiwa imechomekwa ubavuni.

"Imo, Baba. Haitoki tena."

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, na kwa mnong'ono uliosikika nyumba nzima akaigonga hukumu kama dalali: usiache mbachao kwa msala upitao.