Nyati Aliyesinzia Mlangoni

Hapo zamani za kale, wakati chui walikuwa bado wanabisha hodi kabla ya kuingia, palikuwa na fundi mdogo sana aitwaye Nguchiro. Kaeni vizuri niwaambie. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna taratibu, nataka wote wasikie.

Kazi ya Nguchiro ilikuwa kujaza vichwa. Ukiua mnyama, ulimpelekea kichwa pamoja na shingo yake. Yeye aliichuna ngozi, akaipaka chumvi, akaijaza majani makavu, akaishona, mpaka mnyama akaonekana kama yu hai.

Kwa nini? Kwa sababu huko kwao mchumba hakupewa mke hivi hivi tu. Alitundika mlangoni kichwa cha mnyama aliyemuua mwenyewe. Wakwe walikuja wakakitazama, wakakipapasa. Wakiridhika, waliingia ndani kula. Wasiporidhika, waligeuza palepale uani bila hata kukaa.

Basi Chui alikuwa amemposa Tunu, binti wa Mzee Madoa. Alimletea Nguchiro kichwa cha nyati, kikubwa ajabu. Asubuhi ya siku ya wakwe akaja kukitazama.

"Hodi!"

"Karibu, Bwana Mkubwa. Kazi yako ile pale."

Chui akatazama. Akazunguka upande wa pili, akatazama tena. Jamani! Macho ya nyati yalikuwa nusu yamefumba, sikio moja limelala, midomo imelegea kama ya bibi aliyeshiba ugali wa mchana.

"Hiki nini?" Chui akanguruma. "Nyati wangu alikuwa mkali! Alikuwa anatoa moshi puani! Wewe umenitengenezea nyati anayesinzia!"

"Bwana Mkubwa, mimi huufuata uso kama ulivyokuja."

"Nyamaza! Wakwe wanafika alasiri. Kilete kwangu kikiwa kimekasirika. La sivyo nitakujaza majani wewe, nikutundike wewe!"

Akaondoka, mkia ukipiga vumbi. Pa! Pa! Pa!

Nguchiro akauvuta mdomo wa nyati. Ukarudi. Akalifumbua jicho. Likafumba. Ngozi ikishakauka, wanangu, imekauka, hata uibembeleze vipi haigeuki. Mkewe akaanza kulia.

"Baba Chiku, tuchukue watoto tukimbie!"

"Tukimbilie wapi, mke wangu? Chui anapanda mpaka miti."

Nguchiro aliogopa, msidhani hakuogopa. Akawa anaipapasa shingo ya nyati, juu na chini, kulia na kushoto. Mara mkono ukasimama. Akapapasa tena, polepole. Kisha akacheka.

"Hi hi hi!"

"Unacheka nini, nasi tunakufa?"

"Nipe sindano. Ile kubwa. Na uzi mrefu."

Akachelewa makusudi. Alipokitundika kichwa mlangoni kwa Chui, wakwe walikuwa wameshaingia uani: Mzee Madoa na mkewe, Bi Mwasaa, aliyeanza kuwinda nyati kabla Chui hajaota meno.

Chui hakuwa na nafasi ya kuangalia. Akaanza kujisifu.

"Karibuni, wazee wangu! Huyu nyati, tulibingirishana kutwa nzima! Puruchu, puruchu! Yeye juu, mimi chini, mpaka nikamkaba!"

Mzee Madoa akainua macho. "Mbona anasinzia?"

Wapambe waliofuatana na wakwe wakaangua kicheko. Kwa kwa kwa! Chui akageuka, akamwona nyati, akamwona Nguchiro. Akanyanyua kucha.

"Ni huyu fundi! Ameniharibia!"

"Shikamooni, wazee," Nguchiro akasema, akapiga magoti.

"Marahaba."

"Kosa ni langu, nakiri. Ngozi ya mnyama aliyeuawa huja kwangu na matundu ya meno, nami huyashona. Hii nimesahau kuyashona. Ndiyo maana majani yamepwaya na uso umelegea. Bwana Mkubwa anionyeshe tu alipouma, niyashone sasa hivi mbele yenu. Sindano hii hapa."

Chui akafurahi. "Mmesikia? Amekiri! Nilimuuma hapa, kooni!"

Bi Mwasaa akasogea, akapapasa koo. "Hapa hapana tundu, baba."

"Basi... upande wa kushoto."

Akapapasa kushoto. "Hapana."

"Kulia! Nilisahau, ilikuwa kulia!"

Bi Mwasaa akapapasa kulia, akapapasa na kisogoni. Akakuta mshono mmoja tu, ule wa fundi, pale alipoipasua ngozi ili aichune. Nguchiro bado alikuwa amepiga magoti, sindano juu, anangoja kuonyeshwa.



"Mwanangu," Bi Mwasaa akasema kwa upole, "ngozi hii ni nzima. Huyu nyati ulimuuaje? Kwa kumsalimia?"

Chui akatazama miguu yake. Akatamani ardhi ipasuke. "Nilimkuta," akasema, sauti ndogo. "Kule matopeni. Alikuwa mzee, amelala... amekufa."

"Kumbe fundi hakukosea uso," Mzee Madoa akasema. "Mke wangu, twende. Na wewe kijana, kawinde hata digidigi, lakini umuwinde mwenyewe, ndipo utuite."

Wakageuza. Walipofika langoni mzee akasimama, akamtazama Nguchiro, kisha Chui.

"Huyu fundi akikutwa na tundu hata dogo kama la sindano, tutajua jino ni la nani."

Chui hakumgusa Nguchiro siku hiyo wala siku nyingine. Nyati wake akarudi kwa fundi, na watoto wa Nguchiro wakawa wanalala ndani yake, maana palikuwa na joto.

Nami nimeitua hadithi yangu hapa, mwenye kuibeba aibebe na neno hili: ukijisifia kazi usiyoifanya, hata fundi mdogo mwenye sindano atakuumbua.