Mabirika Mawili Mbele ya Kadhi

Apeni kwanza kwamba hili halitavuka kizingiti. Mmeapa? Aliyelisimulia mwanzo naye aliapishwa, na tazameni limefika wapi.

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba zama za kale alikuwapo mjane mchamungu, Bi Mwanaidi, aliyerithi nyundo ya marehemu mumewe akawa mfua mabirika. Mdomo wa birika akiuunga kwa shaba, ghali lakini hauachii. Jirani yake, Fundi Shekue, akiunga kwa risasi, madini laini yayeyukayo upesi motoni, na kuipaka rangi, ikang'aa kama bibi harusi. Bei yake nusu. Wateja wote wakahamia kwake, hata mashoga zake Bi Mwanaidi, wanafiki wakubwa.

"Nawe tia risasi, dada," wakamshauri. "Nani ataona?"

"Aliyeniumba mimi na hiyo risasi."

Ijumaa moja birika la msikitini likaachia mdomo, maji ya moto yakamuunguza mwadhini mguu. Msikiti ulikuwa umenunua kwa mafundi wote wawili. Shekue akawahi kuapa: "Si langu! Kazi ya kike hiyo."

Kesi ikafika kwa Kadhi, naye akaagiza birika moja moja litwaliwe papo hapo dukani kwa kila fundi, yatiwe motoni makavu, bila tone la maji, mbele ya watu. Litakaloachia, mwenyewe ahame mtaa wa mafundi.

Bi Mwanaidi akaketi, tasbihi mkononi. Je, siku ile alipofua akiwa na homa, mkono haukuteleza? Mabirika yakaanza kuiva. Kadhi akainua mikono kuomba dua, watu wakafumba macho. Waliofumba kweli ni wachache, lakini hayo tuyaache.

Ghafla: chaaa! Mvuke ukatanda. Fundi Shekue kainama juu ya birika lake, kata ya maji mkononi.

"Wafanya nini, Fundi?" akauliza Kadhi.

"Nime... nimelionea huruma, Shekhe. Lina kiu."

"Lina kiu au lina risasi?" akadakia mwadhini, mguu umefungwa kitambaa.

Wakati huohuo mdomo wa birika la Shekue ukateleza, ukaangukia makaani. La Bi Mwanaidi limesimama, jekundu, zima.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mwanaidi, basi.

Enyi waumini, aibaye kwenye kiungo humwibia atakayeshika mpini, na dua haimfichi mwizi. Mji mzima ukamtazama Fundi Shekue, naye kata yake bado inadondosha maji.