Bomba la Bwana Mbaruku

Bi Siwatu alikuwa mjane aishiye peke yake, lakini shimo la choo chake lilijaa kama la bweni. Sababu aliijua: jirani yake tajiri, Bwana Mbaruku, alikuwa ameingiza humo bomba la choo chake kwa siri.

"Mimi? Thibitisha!" alifoka Mbaruku alipoulizwa.

"Kama si wewe, jirani, basi huna la kuogopa," alisema Bi Siwatu kwa upole. "Nimetia dawa ya mganga shimoni. Anayelijaza naye si wa nyumba hii, tumbo litamvimba lingurume kama pikipiki."

Mbaruku akacheka. Ulikuwa mwezi wa mfungo, na magharibi ilipoingia Bi Siwatu akampelekea bakuli la futari, kama ilivyo ada ya majirani.

Asubuhi Mbaruku alikuja mbio, amelikumbatia tumbo linalonguruma hata kuku wakakimbia. Kufikia adhuhuri bomba lilikuwa limeng'olewa, na gari la majitaka alilolileta mwenyewe limenyonya shimo likabaki tupu.

"Mwambie mganga anifungue!"

"Nimeshamwambia, jirani. Futuru kwa amani."

Jioni ile Bi Siwatu alimpelekea tambi. Futari ya jana ilikuwa maharage kwa kabichi, na shimoni hakuwa ametia hata chembe ya chumvi.