Kigingi cha Tajiri Tindo

Palikuwa na tajiri mmoja kule kwenye milima ya makaa ya mawe, jina lake Shadhili Tindo, mwenye mgodi mrefu na subira fupi. Alinunua magari kumi na mawili ya betri ya kusombea makaa chini ya ardhi, akayapaka rangi ya kijani, akajitangaza kuwa mlinzi wa mazingira. Mgodi wenyewe hakuwahi kuuingia. Aliujua kwa picha.

Haikupita wiki akaona jambo la kumkera. Kila betri ikiisha nguvu, gari lilipanda hadi juu kwenda kuchajiwa. Kilomita mbili kupanda, kilomita mbili kushuka. Akaitisha kikao, akaweka kidole kwenye ramani, mwisho kabisa wa handaki, pale makaa yanapochimbwa, akasema kituo cha kuchajia kijengwe hapo. Gari lijilie umeme huku likipakiwa.

Sasa, jamani, makaa yakivunjwa hutoa gesi. Haionekani, hainuki, haina adabu. Cheche moja ikiikuta, handaki lote linageuka tanuri, na watu arobaini wa zamu wanageuka mikate. Injinia mkuu, Gaudensi, alilijua hilo vizuri. Alilisomea ng'ambo miaka mitano. Lakini aliutazama uso wa tajiri, akasema wazo ni zuri, tena hata yeye alikuwa karibu kulitoa. Miaka mitano ya shule ikaishia hapo, kwenye kutikisa kichwa.

Ikabaki saini moja. Kanuni za mgodi zilitaka saini ya mpima hewa, na mpima hewa alikuwa Otilia Hyera, mama mwembamba wa makamo, mwenye mshahara mdogo na ulimi usiojua likizo. Mumewe alikuwa mmoja wa wale arobaini.

Otilia akakataa. Akaeleza kwamba kituo kikae katikati ya njia, penye mnyororo mwekundu uliokatiza njia, ambapo upepo safi wa juu hupita kabla haujafika kwenye makaa. Magari yangepoteza dakika chache tu. Tindo hakumsikiliza hata nusu. Akamwambia achague hadi jioni: saini au kazi.

Jioni Otilia akarudi, akasema atasaini. Ila yeye hupima hewa, hapimi ramani. Saini yake ataiweka palepale mgodini, mahali ambapo tajiri mwenyewe atasimama na kutamka kwamba ni pazuri. Tindo akaona mama amelainika. Akakubali mara moja, akaagiza waandishi wa habari waje wamwone akipigilia kigingi cha kwanza.

Siku iliyofuata wakashuka kwa gari, tajiri mbele, kofia ya chuma imemkaa kichwani kama sufuria juu ya boga. Walipofika penye mnyororo mwekundu Otilia akawasimamisha. Akafungua sanduku, akaomba simu, kamera na saa. Kuanzia hapo, alisema, vitu vya betri vya mfukoni havivuki.

Tindo akaitazama saa yake ya dhahabu. "Hata hii? Betri yake ni ndogo kuliko punje ya mtama."

"Hata hiyo, bwana mkubwa. Inaweza kutoa cheche."

"Na wewe mbona una taa ya betri kichwani?"

"Imezibwa isitoe cheche, na huku hatuigusi. Tunaichaji juu."

"Basi na magari yamezibwa."

"Yakitembea, yamezibwa. Ukiyachomeka waya, umeyafungua."

Mwandishi mmoja akakohoa ili asicheke. Injinia Gaudensi akaanza kukagua viatu vyake. Tindo akaona anachelewa kushinda, akaivua saa, akaitupa sandukuni, akauliza kama leo kuna gesi.

"Ipo kila siku," Otilia akasema. "Leo ni kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi cha kuchimba. Si kiasi cha kuchaji."

Kisha akaufungua mnyororo na kumpa nyundo na kigingi. Akamwelekeza kwa upole kwamba imebaki kilomita moja ya kutembea, na kwamba huko, akisikia masikio yanaziba ghafla, ndiyo dalili ya mlipuko, alale kifudifudi na kufunika mdomo.

Tindo hakuinua mguu. Mbele yake handaki lilikuwa jeusi, na upepo ulimsukuma mgongoni kuelekea huko. "Kwani wewe hulala kifudifudi kila siku?" akauliza.

"Bado, bwana mkubwa. Hajatokea mtu wa kuchajia gari huko."

Ndipo tajiri akakumbuka goti lake. Goti hilo, aliwaeleza waandishi, lilimsumbua tangu ujana, na daktari alimkataza mwendo mrefu. Isitoshe, picha zingetoka vibaya kule gizani. Akatazama huku na huku, akavuta pumzi, akatamka kwa sauti ya hotuba kwamba hapa penye mnyororo ni pazuri, pana hewa, na kigingi kitapigwa hapa.

Otilia alikuwa ameshatoa karatasi. Mahali pa kituo akaandika: penye mnyororo mwekundu. Akasaini. Akampa injinia, naye akatikisa kichwa, akasema hata yeye alikuwa karibu kulitoa wazo hilo. Tindo akapiga kigingi, kamera zikatolewa sandukuni, akapigwa picha, akatabasamu kama mtu aliyeuma ndimu.

Wakati wa kupanda juu aliketi garini kando ya Otilia. Walipokaribia mlangoni, akamwinamia na kumwambia kwa hasira, "Umenikatalia mbele ya waandishi wa habari."

"Mimi nilikukatalia kikaoni, bwana mkubwa, kwa mdomo," akasema Otilia. "Leo iliyokukatalia ni miguu yako."