Nani Atangulie Mlangoni kwa Mkejina

Hapo zamani, wala si zamani mno, maana wenyewe wangali hai na wanakwepana sokoni, kijiji cha Kwemvungo kilisahau surua. Kilisahau kabisa, hata watu wakaogopa sindano kuliko ugonjwa.

Aliyeogopa kwa sauti kubwa ni Semhando, muuza nyama. Begani ana kovu la chanjo ya utotoni, nalo lilionekana vizuri kila alipoinua shoka na kupayuka, "Dawa ile inaharibu kizazi! Mwanangu hachanjwi!" Naye ana watoto tisa. Akina mama wakanunua nyama, wakabeba na maneno.

Siku ya kliniki wakaja wanawake wawili tu. Mmoja ni Somoe, na mwanawe mgongoni. Nesi Penina akakitazama kichupa cha chanjo.

"Hiki ni cha watoto kumi. Nikikifungua kwa wawili, inayobaki namwaga, halafu wakubwa wananiuliza. Rudini wiki ijayo."

Somoe alikuwa amepanda mlima mzima. Hakurudi. Kichupa kikakaa salama salimini mpaka muda wake ukaisha, kikatupwa.

Kisha mtoto wa Semhando akarudi kutoka mnadani na homa na macho mekundu, akacheza na mtoto wa Somoe. Baada ya siku kadhaa, wa Somoe naye akachemka, akakohoa. Siku hiyo palikuwa na harusi kijijini. "Ni meno tu," akasema Somoe, maana sare alishashona. Akamfunika mtoto khanga, akaenda kuketi ubavuni mwa Mkejina, aliyempakata mwanawe mchanga.

Huyu Mkejina hakukosa kliniki hata mara moja; wanawe wakubwa wote walichanjwa. Lakini kitindamimba wake, Saumu, alikuwa wa miezi mitano, hajafikia umri wa chanjo ya surua. Kinga yake ilikuwa sisi wengine.

Mtoto wa Semhando akaugua, akapona. Wa Somoe akapona. Saumu naye akapona, ila macho hayakupona. Mama yake akiwasha taa mbele yake, hageuki.

Mkejina akatuma neno: "Sitaki mchele wala pole ya kikundi. Aingie mmoja, mwenye kosa, ampakate mwanangu aseme: ni mimi."

Wakakutana watatu mlangoni kwake.

"Mimi nilisema tu," akasema Semhando. "Maneno hayaambukizi. Dawa alikuwa nayo nesi."

"Mimi nilifuata utaratibu," akasema Penina. "Wangekuja kumi ningefungua. Nani aliwatisha wasije? Na nani alipeleka homa harusini?"

"Mimi kliniki nilikwenda, ukanirudisha!" Somoe akafoka. "Na ugonjwa umetoka kwa Semhando!"

"Basi tangulia, mama," Semhando akamwambia Somoe.

"Tangulia wewe, baba, ndiwe mkubwa."

"Atangulie nesi, ndiye msomi."

Ndani, Mkejina anawasikia wote, na Saumu yuko mapajani, anageuza kichwa kufuata sauti.

Haya, nyinyi mnaocheka, nijibuni. Wala msiniambie "wote watatu", maana hilo ndilo jibu la asiyetaka kuingia. Je, nani alistahili kutangulia?