Kola Iliyochanwa Joshoni

Mwenye kovu la chanjo begani, aliguse. Ndiyo, sasa hivi, hapo hapo ulipokaa. Wazee wa kanisa, nanyi guseni, msione haya.

Lile kovu lina habari zake. Nilimwuliza Daktari Tusekile, binti yetu anayeimba alto pale nyuma. Akaniambia, Mchungaji, ugonjwa ukiingia mwilini, seli zinapelekeana ujumbe, na ujumbe huo unaitwa saitokini. Upo unaosema njooni, ongezekeni, piganeni. Upo unaosema basi, tulieni. Vita vikiisha, seli nyingi zilizopigana zinakufa. Zinabaki chache, seli T za kumbukumbu, zinazomjua yule adui akirudi. Nikamwuliza, na hizo chache zinaishi kwa nini? Akasema, nazo kwa ujumbe. Ujumbe mdogo tu, wa kila siku, hata pasipo vita. Ukikatika, zinapungua, na mtu anaweza kubaki na kovu asiwe na mlinzi.

Wapendwa, nilirudi nyumbani nikakosa raha kabisa. Sikilizeni kwa nini.

Kulikuwa na kijiji kimoja cha wafugaji. Siku ya josho, ng'ombe wote walipelekwa pamoja kuogeshwa dawa ya kupe, na katika vurugu ile ndama walikuwa wakipotea. Siku moja mama mmoja akamwona mtu anasukuma ndama wake kichakani. Akamrukia, akamkaba kola, akapiga yowe. Kijiji kizima kikaja mbio na marungu. Yule mwizi akajinasua, kola ikachanika, akatokomea kwenye matete. Watu walikuwa na hasira mpaka wakamtandika muuza vyungu aliyekuwa anapita zake. Ikabidi bibi mmoja agonge sufuria na kuwaambia, "Basi! Rudini makwenu!" Wakarudi.

Sasa, wote walikuwa wamemwona mwizi mgongo. Aliyemwona uso ni yule mama peke yake. Kijiji kikamwomba akae pale joshoni, aangalie nani anaingia na nani anatoka. Na wakaweka desturi. Kila anayepita na mifugo asubuhi aite, "Mama, upo?" Naye ajibu, "Nipo." Kisha amwachie kikombe cha maziwa mgando. Ni hilo tu, na mama akakaa, na ndama hawakupotea tena.

Ndipo akaja mgeni. Alipitia njia ya juu, isiyofika joshoni. Bwana mtaratibu, mwenye koti safi, kalifunga vifungo mpaka shingoni. Jua linawaka, koti mpaka shingoni! Je, kuna aliyemwuliza? Hakuna. Yeye ndiye aliyeuliza, tena huku kakaribishwa chai.

"Yule mama pale joshoni, mnamnywesha maziwa kwa kazi gani?"

"Anatulinda na mwizi," wakamjibu.

"Mwizi gani? Mbona sijasikia mtu kaibiwa hapa?"

Wakatazamana.

"Mimi sisemi kitu, ndugu zangu, nauliza tu," akasema, akipuliza chai yake. "Ila mtu amjue mwizi kwa sura, wakati kijiji kizima hakimjui... hivi hawakujuana hao?"

Akanywa chai yake, akashukuru. Na watu walipoinuka pale hawakuwa watu wale wale waliokaa.

Asubuhi, wa kwanza akapita joshoni bila kuita. Wa pili naye akageuza uso. Mama akasimama akaita mwenyewe, "Jamani, mbona leo mnapita kimya?"

Kijana mmoja akasimama. "Mama, samahani. Kwanza tuambie, wewe na yule mwizi mlijuana vipi?"

"Nilimkaba kola, mwanangu. Wewe mwenyewe ulikuwa nyuma yangu na rungu."

Kijana akaangalia chini, akawaswaga ng'ombe wake, akaenda. Mama akangoja asubuhi nyingine, na nyingine. Hakuna aliyeita. Akajifunga kanga yake, akaenda kwa dada yake ng'ambo ya mto. Na mnajua walisema nini? "Mnaona? Angekuwa safi, angekimbia?"

Siku ya josho ikafika, pale mlangoni hapana mtu. Mgeni akajitolea. Wakamsifu! Akasimama kule ng'ombe wanakotokea, na kwa kuwa kazi ile ni ya jasho, akavua koti. Shati lake lilikuwa na kola iliyoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Yule kijana akamtania, "Mgeni, fundi wako kaishiwa uzi?"

Mgeni akacheka. Kijana naye akacheka. Kisha mgeni akawaambia, "Nendeni mkale, mmechoka. Nitawaangalia."

Waliporudi, walikuta matope na alama za kwato.

Ile kola waliiona wote. Waliiona, wakaifanyia na mzaha. Aliyejua mkono ulioichana alikuwa ng'ambo ya mto, maana walimnyima "Upo?" ya asubuhi.

Sasa tuje kwetu sisi. Msiangalie dari. Pale kwenye benchi la karibu na mlango alikuwa anakaa Mama Sekela. Ndiye aliyemtambua yule nabii wa uongo aliyetupokonya vijana wetu, akasimama katikati ya ibada akamkemea, na sisi tukapata nguvu ya kumtoa. Leo benchi lile li tupu. Tulianza kunong'ona kwamba anajifanya kujua sana. Kwamba huenda naye aliwahi kuwa mfuasi wa nabii yule, ndiyo maana alimjua. Tukaacha kupita kwake. Tukaacha kumsalimu hata sokoni.

Nauliza, na leo nina shaka kweli kweli: neno lile lilitoka kwa nani? Nani kati yetu alikuwa wa kwanza kusema, "Mimi sisemi kitu, nauliza tu"? Unamkumbuka. Nenda kamtazame vizuri shingoni.

Mimi sitangoja chai ya baada ya ibada. Nakwenda kwa Mama Sekela, nisimame mlangoni pake niite, "Mama, upo?" Anayetaka kunifuata anifuate. Naogopa, wapendwa. Naogopa tutaita, na kusiwe na wa kujibu.