Sihaba na Simu ya Ofisi

Meneja Ngwabi alitangaza kwamba atakayetumia simu ya ofisi kwa mambo yake binafsi atafukuzwa kazi. Kabla ya adhuhuri akamfuma karani wake, Sihaba, anacheka na mkonga wa simu sikioni.

"Unaongea na nani?"

Uso wa Sihaba haukubadilika. "Na mkeo, bosi. Anauliza kikao cha jana kiliisha saa ngapi. Nikate, au utaongea naye mwenyewe?"

Ngwabi, ambaye jana alitoka mapema akinukia marashi, alirudi nyuma jasho likimtiririka.

"Usikate! Mwambie kiliisha usiku. Ongea naye mpaka aridhike!" Akatoka akinyata.

Sihaba akaurudisha mkonga sikioni. "Haya shangazi, bibi harusi akasemaje?"